Kuweka Maandishi Mkabala: Amri ya paste na Tarihi za Kilwa

Mtu atakaye kuijua Kilwa ya kale kwa njia ya maandishi hukutana kwanza na shida moja, nayo ni kwamba habari zake zimeandikwa zaidi ya mara moja, kwa lugha mbalimbali, na waandishi wake hawakupata kuonana. Iko tarihi ya Kiarabu iitwayo Kitab as-Sulwa, ambayo mtungaji wake alizaliwa mwaka 1499. Nakala tuliyo nayo iliandikwa mwaka 1877, ikatoka kwa Sayyid Barghash bin Said wa Unguja ikafika kwa Sir John Kirk, na sasa imehifadhiwa London, Bwana S. Arthur Strong aliipiga chapa mwaka 1895. Iko habari ya Mreno João de Barros, ambaye hakupata kukanyaga pwani yetu, bali alitumia tarihi ya wafalme wa Kilwa iliyowafikia Wareno, akaitia katika kitabu chake kilichotoka Lisbon mwaka 1552. Tena iko habari ya Kiswahili waliyoisimulia watu wa Kilwa wenyewe, nayo ilichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907 pamoja na habari za Lindi, Sudi na Mikindani.

Wanazuoni wote walioshughulika na Kilwa, tangu Strong hata Bwana Freeman-Grenville mwaka 1962 na Bwana Neville Chittick katika miaka iliyofuata, walilazimika kufanya kazi ile ile: kuziweka habari hizi mkabala, mfalme kwa mfalme, ili ionekane zinapatana wapi na zinaachana wapi. Walifanya hivyo kwa kalamu, karatasi pana na subira. Siku hizi kazi ya kupanga safu yaweza kutupwa juu ya kompyuta, na chombo chake ni kidogo mno hata wengi hawakijui. Makala haya yanakusudia kukieleza chombo hicho kwa wapenzi wa lugha na tarihi, na kuonyesha, kwa mfano wa wafalme wa kwanza wa Kilwa, mahali ambapo chombo hukoma na hukumu ya msomi huanza. Mahali hapo si padogo, kwani mtu asipopajua aweza kumzua mfalme au kumfuta.

Chombo chenyewe huitwa paste, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni kubandika. Ni moja katika programu ndogo ndogo za Unix, nayo iliandikwa mara ya kwanza na Gottfried W. R. Luderer katika maabara za Bell, Marekani. Haina picha wala vibonye. Mtu huiamuru kwa kuandika maneno katika dirisha la amri, yaani ile sehemu ya kompyuta ambamo kila agizo huandikwa kwa mstari mmoja na kujibiwa kwa mistari. Twaweza kuipata bila ya malipo katika kompyuta za Linux na za Mac, na hata za Windows zikitiwa programu za nyongeza.

Kazi yake ni hii. Ikiwa tuna faili mbili za maandishi matupu, tukaandika

paste sulwa.txt barros.txt

basi programu huchukua mstari wa kwanza wa faili ya kwanza, ikaubandikia ubavuni mstari wa kwanza wa faili ya pili; kisha wa pili na wa pili, wa tatu na wa tatu, mpaka mwisho. Kati ya safu na safu hutia pengo la kuhamia safu nyingine, lile ambalo taipureta za zamani zilikuwa na kibonye chake. Faili zikiwa tatu, safu huwa tatu. Kama faili moja ni fupi kuliko mwenziwe, programu haisimami. Huendelea mpaka ile ndefu iishe, na upande wa fupi huachwa mtupu. Mtu asipolipenda lile pengo, huweka alama nyingine aitakayo: akiandika -d '|' mbele ya majina ya faili, safu hutengwa kwa kijiti kilichosimama. Faili za asili hazibadiliki hata kidogo. Matokeo hutoka juu ya kioo, au huelekezwa katika faili mpya kwa alama ya >.

Hayo ndiyo karibu yote. Lakini katika wepesi huo limo jambo ambalo lataka kufahamika sana: paste haisomi. Haijui jina wala mwaka, haijui kwamba Daud na Daut ni mtu mmoja. Ijualo ni hesabu ya mistari tu. Mstari wa tano utakutana na mstari wa tano hata kama mmoja ni sultani na mwingine ni tanbihi iliyopotea njia.

Natwae mfano. Nilipoanza kuwapanga wafalme wa kwanza, niliandika majina ya tarihi ya Kiarabu katika faili moja, kila jina mstari wake, na majina ya Barros katika faili nyingine kwa utaratibu ule ule. Kisha nikaamuru paste. Matokeo yalikuwa haya:

Ali bin al-Husain|Ale
Ali bin Bashat|Ale Bumale
Daud bin Ali|Ale Busoloquete
Khalid bin Bakr|Daut
al-Hasan bin Sulaiman|Ale Bonebaquer
|Hocen Soleiman

Msomaji aangalie mistari miwili ya kwanza. Inapendeza! Ali yuko mkabala na Ale, na Ali wa pili yuko mkabala na Ale wa pili. Mtu mwenye haraka atafurahi na kupita. Kumbe mstari wa pili una kosa tayari, ila kosa limejificha nyuma ya jina ambalo nusu ya masultani wa pwani walikuwa nalo. Ni mstari wa tatu unaopiga kelele, kwa kuwa Daud hawezi kuwa Busoloquete. Na wa nne unazidi, maana Daut amekwenda kukaa na Khalid. Mfalme mmoja tu amezidi upande wa Barros, na kwa ajili yake wote waliomfuata wamesukumwa hatua moja chini, kama watu katika safu ya swala ambamo mmoja amejipenyeza.

Dawa yake ni mstari mtupu. Katika faili ya Kiarabu yatupasa kuacha mstari usio na kitu mahali ambapo hapana mfalme wa kumkabili yule wa Barros. Tukiuacha baada ya jina la kwanza, paste hutoa hivi:

Ali bin al-Husain|Ale
|Ale Bumale
Ali bin Bashat|Ale Busoloquete
Daud bin Ali|Daut
Khalid bin Bakr|Ale Bonebaquer
al-Hasan bin Sulaiman|Hocen Soleiman

Sasa mambo yamekaa. Kwa kuwekwa hivi, masikio ya Mreno yanaanza kutoa siri zake: Bonebaquer si jina la ajabu tena, ni bin Bakr lililosikiwa kwa sikio geni na kuandikwa kwa hati geni, Hocen Soleiman ni Hasan au Husain bin Sulaiman. Hata miaka inasaidia, maana Ali bin Bashat na Ale Busoloquete wote wawili wamepewa utawala wa miaka minne na nusu, na hesabu yenye nusu haipatani kwa bahati. Habari nazo zafuatana. Barros asema Daut alifukuzwa na Matata Mandalima, mfalme wa Xanga, ambaye alimweka Bonebaquer mahali pake; tarihi ya Kiarabu nayo yamweka Khalid bin Bakr kwa mkono wa Matamandalin, watu wa Shagh. Mmoja amesikia jina la mtu, mwingine jina la watu, lakini kisa ni kimoja, na wengi hukiona kuwa kisa cha ugomvi wa Kilwa na jirani yake wa karibu, kisiwa cha Sanje ya Kati.

Je, mambo yamekwisha? Hayajaisha, na hapa ndipo nataka msomaji akae nami kitambo. Ule mstari mtupu niliutia mimi. Programu haikunishauri, wala isingenizuia kuutia mahali pengine. Tena pako mahali pengine penye hoja. Tarihi ya Kiarabu yampa mfalme wa kwanza, Ali bin al-Husain, yule mwenye lakabu ya Nguo Nyingi, utawala wa miaka 40. Barros naye anayo miaka 40, lakini hampi mwanzilishi. Ampa Ale Bumale, mwanawe. Basi mtu aweza kusema: wenye miaka 40 ni mtu mmoja, na kwa hiyo mstari mtupu uwe juu kabisa, mkabala na Ale wa kwanza wa Barros:

|Ale
Ali bin al-Husain|Ale Bumale
Ali bin Bashat|Ale Busoloquete

Kuanzia hapo orodha zote mbili zaendelea sawasawa. Mpango huu nao umenyooka. Tofauti yake na ule wa kwanza ni mstari mmoja uliosogea hatua moja, walakini historia iliyomo ndani yake si ile. Katika mpango wa kwanza, tarihi ya Kiarabu imemsahau mwana, na miaka yake ikapewa baba. Katika mpango wa pili, Barros, au yule aliyemwarifu, amempasua Ali mmoja akawafanya wawili, baba na mwana. Mpango wa kwanza waongeza kizazi kizima katika nasaba ya Kilwa. Wa pili wakipunguza. Na kwa kuwa wanaotafuta mwaka wa kuja kwa Washirazi huhesabu vizazi na miaka ya utawala kurudi nyuma, mstari mmoja mtupu waweza kuivuta tarehe ya kuanzishwa kwa dola hata miaka 40.

Rai yangu naiegemeza upande wa kwanza, na sababu ni ujamaa. Barros asema Busoloquete alikuwa mpwa wa Bumale kwa upande wa ndugu mume, ndugu aliyekaa Mafia. Ikiwa Bumale ni mwana wa mwanzilishi, basi mwana wa nduguye ni mjukuu wa mwanzilishi. Nalo jina la Kiarabu, likiandikwa kwa urefu wake, ni Ali bin Bashat bin Ali, yaani vivyo hivyo mjukuu wa Ali. Ujamaa wapatana bila ya kulazimishwa, mradi tumwachie Bumale nafasi yake. Ila sisemi kwamba ushahidi huu unakata. Barros huyu huyu asema Daut ni mwana wa Busoloquete, na jina Daud bin Ali, likisimama peke yake, laweza kusomwa hivyo, lakini vile vile laweza kuwa la mwana wa Ali wa kwanza, naye angekuwa ami wa aliyemtangulia. Wenye jina la Ali ni wengi kuliko tulivyopenda.

Ndiyo maana nasema kwamba mstari mtupu ni kauli. Katika vitabu vya zamani msomi aliyepanga majedwali alieleza katika tanbihi kwa nini ameacha nafasi hapa na si pale. Katika faili ya kompyuta mstari mtupu haubebi tanbihi; ni weupe tu, na wa pili kuupokea hudhani umekuwapo tangu azali. Mimi nimejizoeza kutoacha weupe mtupu: mahali pa pengo huandika kistari kimoja pamoja na herufi ya kuonyesha sababu, k kwa jina lililokosekana katika nakala, d kwa dhana yangu mwenyewe. paste hubandika herufi hizo kama ibandikavyo jina lolote, nami huzikuta pale pale nirudipo baada ya mwezi.

Nakiri kwamba sikujizoeza kwa busara bali kwa aibu. Zamani kidogo niliandaa jedwali la majina na miaka kwa ajili ya kulisoma mbele ya wenzangu. Majina yalikuwa faili moja, miaka faili nyingine. Katika kusafisha faili ya miaka nilifuta mstari mmoja nikidhani ni weupe uliozidi. Basi nikasimama nikasoma, na kuanzia mfalme wa tatu kila mtu alikuwa anatawala miaka ya jirani yake, mpaka mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza kwa upole kama kweli mfalme wa mwisho hakutawala hata siku moja. Ulikuwa ule upande mtupu ambao paste huuacha faili fupi inapoishiwa. Tangu siku hiyo sibandiki kitu kabla ya kuhesabu mistari ya kila faili kwa amri ya wc -l. Hesabu zikitofautiana, pana jambo. Zikilingana, jambo laweza kuwapo bado, lakini walau moja limeondoka.

Kuhusu safu ya tatu, ile ya Kiswahili, nitasema machache. Habari aliyoichapisha Velten haina orodha ndefu ya masultani kama hizi mbili, hivyo ukiibandika ubavuni mwake sehemu kubwa ya safu huwa tupu. Asiikate mtu kwa sababu hiyo. Iko mistari ambayo safu zote tatu zajaa, na mkubwa katika hiyo ni mstari wa nguo: mgeni Mshirazi akipata kisiwa kwa nguo kutoka kwa mwenyeji. Katika Kiarabu na kwa Barros mwenyeji huyo hana jina; katika Kiswahili anaitwa Mrimba, na mgeni ni Ali bin Selimani. Huyu Mrimba hakukaa Lisbon wala London. Yule tu aliyesimulia karibu na ufuko wenyewe ndiye aliyemkumbuka mwenyeji kwa jina lake, na jambo hili huonekana kwa macho pale safu zinapokaa pamoja, mbili zikiwa na neno mfalme tu na ya tatu ikiwa na jina.

Sasa tuteremke pwani mpaka Lindi, ambako chombo hiki kina faida ya namna nyingine, nayo ni katika tenzi. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ulichapishwa na A. Lorenz mwaka 1933 pamoja na tafsiri ya Kijerumani, kisha mwaka 1957 ukatoka katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Bwana W. H. Whiteley. Atakaye kuzilinganisha tafsiri hizi na maneno ya mtunzi sharti aziweke mkabala, ubeti kwa ubeti. Lakini ubeti wa utenzi una vipande vinne, na aghalabu mtu anaponakili huandika kila kipande mstari wake. Itakuwaje basi ubeti mzima uwe mstari mmoja?

paste ina njia. Badala ya jina la faili huweza kupewa kistari, ambacho maana yake ni kusoma yale yanayoletwa na mkondo wa maandishi. Vistari vikiwa vinne, programu huchukua mstari mmoja kwa kila kistari kwa zamu, na hivyo mistari minne hulala pamoja:

paste - - - - < utenzi.txt

Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kisha ubeti wa pili chini yake. Vina vya kati husimama vimepangana, na kina cha mwisho, kile kinachobeba utenzi mzima, huteremka katika safu ya nne kama uzi. Mahali ambapo mnakili ameharibu kina huonekana mara moja, bila ya kusoma. Kwa shairi la tarbia, lenye ukwapi na utao, vistari viwili vyatosha, na matokeo yake yafanana na mpango wa mashairi katika miswada ya hati za Kiarabu. Mtu ajihadhari na jambo moja. Ikiwa kati ya beti pameachwa mstari mtupu, basi kila ubeti una mistari mitano, na vistari vinne vitaharibu kazi yote kuanzia ubeti wa pili. Ama aifute mistari hiyo kwanza, ama aandike vistari vitano na kuiacha safu ya tano iwe tupu. Mimi napendelea vitano, kwa sababu ile safu ya tano ikiota neno najua kwamba pana ubeti uliopungua au kuzidi kipande.

Yako matatizo mengine mawili yanayowapata watu wetu hasa. La kwanza ni faili zilizoandikwa katika Windows. Huko kila mstari humalizika kwa alama mbili, na moja kati yake humwambia mwandikaji arudi mwanzo wa mstari. paste huiacha alama hiyo mahali pake, na matokeo yake juu ya kioo ni kwamba safu ya pili huandikwa juu ya ya kwanza. Mtu hudhani majina ya Kiarabu yamepotea, kumbe yamefunikwa. Alama hiyo huondolewa kwa amri ya tr -d '\r' kabla ya kubandika. La pili ni hati za Kiarabu zenyewe. Maandishi yanayotoka kulia yakikaa safu moja na yanayotoka kushoto, kioo huweza kuyapanga kinyume ingawa ndani ya faili yamepangika vyema. Hapo ni bora kuyafungua matokeo katika programu ya majedwali. Wala mtu asitumie mkato wa Kiarabu kuwa alama ya kutenga safu, kwa kuwa alama hiyo ndani ya kompyuta ni baiti mbili, na matoleo mengi ya paste, hasa ya GNU, huzitumia moja moja kwa zamu na kuacha takataka.

Wako watakaouliza kwa nini nisitumie join, programu ndugu yake, ambayo hubandika mistari kwa kufuata neno lililo sawa katika faili zote mbili na si kwa hesabu. Ningeitumia, lau Bonebaquer angeandikwa bin Bakr. Majina yetu hayafanani, basi ingenibidi kwanza nimpe kila mfalme nambari, na nambari ile ile nimpe mwenziwe wa upande wa pili, kisha nipange faili kwa nambari hizo. Katika kutoa nambari hizo nitakuwa nimekwisha kuamua ni nani mwenziwe nani, jambo lile lile nililolifanya kwa mstari mtupu. Hata hivyo kwa orodha ndefu, kama ile nzima ya Kilwa inayofika mpaka zama za Wareno, join ina heri yake: mfalme akiongezwa katikati, waliomfuata hawasukumwi.

Faili zangu za wafalme wa kwanza nimeziweka mara mbili: seti moja yenye pengo mkabala na Bumale, na seti ya pili yenye pengo mkabala na Ale wa kwanza. Zote mbili zina mistari sawa, zote mbili hupita katika paste bila ya lalamiko, na kila nimpapo mwenzangu moja humpa na ya pili.